Usingizi wa Kupewa

Katika lugha yetu yako maneno yaliyowatia watu hofu kuliko vitu vyenyewe, na mojawapo ni nusu kaputi. Husemwa kwamba hiyo kaputi ni mabaki ya utawala wa Wajerumani, ambao kwao neno hilo lina maana ya kitu kilichoharibika au kilichokwisha kabisa. Basi mtu akipewa nusu kaputi, masikioni mwa wazee wetu alikuwa amekwisha nusu. Vijana wa siku hizi hospitalini husema dawa ya usingizi, na anayeitoa wanamwita mtu wa usingizi. Neno hili la pili ni laini zaidi, ingawa nalo, kama nitakavyoeleza, halisemi kweli yote.

Dada yangu mkubwa alikuwa mtu wa neno la kwanza. Mwaka 1988 alilazwa kwa sababu ya uvimbe katika mfuko wa uzazi, damu ikimtoka mpaka viganja vikawa vyeupe. Madaktari wakaamua apasuliwe. Kisu hakikumtisha, alikwisha kuzaa watoto saba, na mguu wake uliovunjika aliwahi kuungwa na mganga wa kijijini bila yeye kutoa sauti. Kilichomshinda ni maneno ya mtu aliyepita wodini jioni ile na karatasi ya kutia dole gumba: "Kesho unapigwa nusu kaputi." Hakuongeza jingine, akaenda kitanda kinachofuata. Dada akamuuliza mgonjwa wa jirani maana yake, naye akamjibu kwamba wanakuua nusu, wakishamaliza kazi yao wanakurudisha. Usiku huohuo alifunga khanga zake kikapuni, na alfajiri alikuwa kituo cha mabasi.

Nilimfuata nyumbani kumsihi arudi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mdogo wangu, hiyo nusu wanayoibakiza, nani anaidhamini?"

Alifariki mwaka 1990. Swali lake nimekaa nalo zaidi ya miaka thelathini, muda mrefu kuliko nilivyokaa na swali lolote la mtihani, na jibu lake sikulipata vitabuni. Nililipata mwezi Julai mwaka 2022, nikiwa na umri wa miaka 73, ilipofika zamu yangu.

Ugonjwa wangu ulikuwa wa kawaida. Kila nilipokula nyama yenye mafuta nilishikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi begani. Kipimo cha picha kilionyesha mawe katika kifuko cha nyongo. Daktari mpasuaji alinieleza kwamba kifuko hicho hutolewa na mtu akaishi bila hicho, nami nikakubali. Nikamwuliza kama kazi haiwezi kufanyika kwa ganzi, maana rafiki yangu alifanyiwa tezi dume kwa sindano ya mgongoni akiwa anazungumza. Akasema sindano ya mgongoni hufaa sana kwa sehemu za chini ya kitovu na miguu. Kwa kazi yangu, iliyo juu karibu na ini, ingefaa nilale kabisa. "Jioni atakuja mtu wa usingizi," akasema, "umwulize yote."

Alikuja saa kumi na moja, binti wa miaka thelathini na kitu, muuguzi aliyesomea kazi hiyo. Msomaji asishangae kwamba hakuwa daktari bingwa. Katika nchi yetu, hasa hospitali za wilaya, usingizi mwingi hutolewa na wauguzi na matabibu waliofunzwa kazi hiyo. Alinipa shikamoo, akavuta kiti, akaketi. Naomba nikitaje kile kiti. Katika miaka yangu ya kukagua walimu-wanafunzi wakifundisha, nilijifunza kumtambua mwalimu anayetaka kuulizwa maswali na yule anayetaka kengele ilie. Huyu alitaka kuulizwa.

Kwanza lakini aliniuliza yeye. Nimewahi kulala kwa dawa hii? Je, ndugu yangu wa damu amewahi kupewa ikamletea matatizo? Dawa gani ninameza? Nilimtajia vidonge vya presha, akaniambia ni kipi nimeze asubuhi kwa funda moja la maji na kipi nikiache. Na mitishamba? Hapo nilicheka, naye hakucheka. Alisema watu huwaficha wauguzi mizizi na magome wanayokunywa, kwa kuona aibu, kumbe baadhi ya dawa hizo huzidisha kutoka damu au huingiliana na dawa za hospitali. Pombe? Sigara? Ninakoroma usiku? Akaniomba nifumbue kinywa wazi, nitoe ulimi, niinamishe shingo nyuma. Akakuta meno yangu mawili ya bandia na jino moja la chini linalotikisika, akaliandika. Alinieleza sababu: nikishalala angenipitishia mpira kooni mpaka kwenye njia ya hewa, na jino bovu laweza kung'oka likadumbukia ndani.

Jambo alilolikazania kuliko yote lilikuwa la kula. Nisile chochote baada ya saa sita za usiku. Maji matupu kidogo, au chai ya rangi isiyo na maziwa, ruksa mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Zamani mgonjwa aliambiwa tu asiguse kitu, akalala na kiu mpaka mchana. Siku hizi kanuni inayofuatwa na wengi ni saa sita kwa chakula chepesi na saa mbili kwa maji, na maziwa huhesabiwa pamoja na chakula.

Mzee wa kitanda cha pili alikuwa anatusikiliza, nadhani kwa sikio moja. Alikuwa apasuliwe kabla yangu. Kumbe saa kumi na moja alfajiri mwanawe alimletea chupa ya chai ya maziwa, naye akanywa vikombe viwili, akisema moyoni kwamba chai si chakula. Alipoulizwa saa mbili alisema kweli, wakamwahirisha. Alikasirika sana. Alidai kwamba wanamwadhibu kama mtoto aliyevunja amri ya shule, na kwamba tumbo ni lake.

Nilipata kumweleza nilivyoelezwa mimi, na ninalirudia hapa kwa sababu amri hii huvunjwa kwa kutokujua sababu yake. Ukiwa macho, tonge likipotea njia unapaliwa, unakohoa, linatoka. Ukiwa katika usingizi wa kawaida pia mwili unajilinda hivyohivyo. Lakini dawa hii hulaza hata yule mlinzi wa kooni. Tumboni mkiwa na kitu, kinaweza kupanda juu kimyakimya na kuteremka mapafuni, pamoja na ile asidi inayosaga chakula, nayo huunguza mapafu hata kuua. Kwa hiyo hakuna anayemwadhibu mtu. Yule mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Basi wangesema hivyo." Nilikubaliana naye kabisa.

Hapo ndipo ninapodai kwamba neno usingizi halisemi kweli yote. Mtu aliyelala ukimfinya anaamka. Aliyepewa dawa hii anakatwa kwa kisu na haamki. Viungo vyake hulegezwa na dawa nyingine, na pale alipolegezwa hivyo hawezi hata kuvuta pumzi mwenyewe, mashine humvutia. Akiachwa peke yake atakufa. Dada yangu hakuwa mjinga: aliona kwamba kuna nusu inayoondolewa. Alichokosa ni mtu wa kumwambia nani anakaa na ile iliyobaki.

Binti yule aliniambia bila kuulizwa. Alisema: "Mwalimu, daktari ataangalia tumbo lako. Mimi sitaangalia tumbo. Nitakaa kichwani kwako tangu ulale mpaka uamke, na sitatoka." Kidoleni atanibana kifaa kidogo chenye mwanga mwekundu, kinachopima oksijeni katika damu kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi, na kitalia mlio mmoja kwa kila pigo la moyo, hewa ikipungua, sauti ya mlio inashuka, naye atasikia hata kama macho yake yako kwingine. Mkono mmoja utafungwa mpira wa presha unaojivimbisha wenyewe kila dakika chache. Kifuani watabandika nyaya za moyo. Dawa haitolewi mara moja ikaachwa, bali anaiongeza na kuipunguza muda wote, na mzee kama mimi hupewa kidogo kuliko kijana.

Nikamwuliza lile ambalo kila mtu hulifikiria na wengi huona haya kulisema: je, nikiamka katikati? Hakunificha. Alisema hutokea, lakini ni nadra. Baadaye nimesoma kwamba uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na Ireland na kutolewa mwaka 2014 ulikuta waliotoa taarifa ya jambo hilo ni kama mgonjwa 1 kati ya 19,000, na wengi wao ilikuwa kwa dakika chache tu. Mtu aliyefichwa hatari ndogo huwazia kubwa, na kwangu ile kweli ilinituliza kuliko ambavyo kiapo kingenituliza.

Usiku ule sikulala upesi, nikawa nawaza jinsi binadamu walivyohangaika kabla ya kuupata usingizi huu. Karibu na kwetu, katika Bunyoro, mwaka 1879 mgeni Mwingereza aliyeitwa Robert Felkin alimshuhudia mganga Mwafrika akimpasua mama tumbo ili kumtoa mtoto. Mama alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu. Pombe hiyohiyo mganga alinawia mikono na kuoshea tumbo la mgonjwa. Jeraha lilibanwa kwa vijiti vya chuma, na siku ya kumi na moja lilikuwa limepona. Felkin aliyaandika hayo huko Edinburgh mwaka 1884. Nilipokuwa nikifundisha nilipenda kuwapa wanafunzi kisa hicho, maana walidhani upasuaji uliletwa na meli. Huko Ulaya na Marekani kwenyewe, mpaka katikati ya karne ya 19, mgonjwa alishikwa na wanaume wenye nguvu, na sifa ya mpasuaji ilikuwa ni wepesi wa mkono. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika hospitali moja ya Boston, daktari wa meno William Morton alimvutisha kijana mmoja mvuke wa etha, na uvimbe wa shingoni ukakatwa bila kelele. Mwaka uliofuata James Simpson wa Edinburgh akaanza kutumia klorofomu. Pombe ya ndizi ilimlevya yule mama nusu tu. Etha ilimlaza mtu kabisa, na tangu hapo ikawa lazima awepo wa kumchunga.

Asubuhi nilivua saa, miwani, meno ya bandia na pete ambayo sikuwa nimeivua tangu 1975. Walipaka sabuni ndipo ikatoka. Mke wangu akaishika mkononi, akaniambia, "Baba, nenda, nakusubiri hapahapa," akageuka upesi ili nisimwone machozi.

Chumba cha upasuaji kina baridi; hilo hakuna aliyenitangulizia. Nikalazwa kwenye kitanda chembamba kama ubao wa kupigia pasi, mikono ikatandazwa pembeni. Kisha wakafanya jambo lililonipendeza kama mwalimu. Kabla sijapewa dawa waliniuliza jina langu kamili, ninafanyiwa nini, upande gani, kuna dawa inayonidhuru au hakuna, ingawa yote waliyaandika jana. Mmoja alisoma kwenye karatasi, wengine wakajibu kwa sauti. Orodha hiyo ilitungwa chini ya Shirika la Afya Duniani, nayo husomwa mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu na kabla ya mgonjwa kutoka. Ilijaribiwa mwaka 2007 na 2008 katika hospitali za miji minane duniani, kama London, Seattle, Manila na New Delhi, na mmoja wa miji hiyo ulikuwa Ifakara yetu. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2009, vifo vya waliopasuliwa vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Nimetumia maisha yangu kuwashawishi walimu waite majina kila asubuhi hata kama wanawaona watoto wote wamekaa, kwa hiyo sikuhitaji kushawishiwa.

Binti akaja kichwani. Kwa sababu alikuwa amevaa barakoa nilimjua kwa sauti. Akaniwekea kifuniko cha oksijeni puani na kinywani, akaniambia nivute pumzi ndefu. Kilinukia mpira mpya. Dawa ilipita katika kanula mkononi, nyeupe kama maziwa, na aliniambia kabla kwamba itachoma kidogo mshipani. Ilichoma kweli, ikapanda mpaka kwenye kiwiko. Nilikuwa nimeamua kuhesabu nione nitafika ngapi. Ninakumbuka tatu.

Sitaki kumdanganya msomaji kwa kumpambia yaliyofuata. Wako wanaosimulia kwamba waliona mbingu, taa za rangi, au marehemu wao. Hao sibishani nao. Yako madawa, kama ketamini, yaliyotumika sana katika hospitali zetu kwa sababu humwacha mgonjwa akivuta pumzi mwenyewe hata pasipo mashine, nayo yanajulikana kwa kuleta ndoto za ajabu. Mimi sikuona kitu. Hata kusema niliona giza ni kutia chumvi, maana giza lina mtu wa kuliona. Usingizini mtu akiamka hujua kwamba muda umepita. Anajinyoosha, anajua ni usiku wa manane au kumekucha. Hapa nilisema tatu, na neno lililofuata nililolisikia ni "Mwalimu, fumbua macho, tumemaliza." Kati ya hayo mawili zilipita saa mbili na robo, nami sina hata dakika moja yake. Jambo hilo nimelitafakari kuliko mengine yote, wala halinitishi. Limenipa namna ya kufikiria mambo fulani ambayo mtu wa umri wangu hana budi kuyafikiria.

Kuamka hakuji mara moja. Niliwasikia kabla sijaweza kuwajibu. Nilitetemeka kama mwenye malaria, wakanifunika mablanketi mawili. Koo lilikwaruza kama nimehubiri siku nzima. Ni ule mpira, nalo lilipoa siku ya pili. Kichefuchefu kilinijia, wakanichoma sindano, kikapungua. Niliuliza saa mara tatu, nikajibiwa mara tatu, kila mara nikiona ni habari mpya. Na mke wangu anashuhudia, wauguzi nao wakicheka, kwamba niliita majina ya darasa zima la wanafunzi wa mwaka wa pili, na kwa wale ambao hawakuitika nikaamuru watafutwe bwenini. Sikumbuki hata herufi. Wazee huchanganyikiwa hivi, wengine kwa saa chache, wengine kwa siku kadhaa, na jamaa hudhani mzee amerogwa au amepoteza akili. Binti alimwagiza mke wangu anirudishie miwani yangu mapema, akae nami, aniambie ni siku gani na tuko wapi. Alifanya hivyo, na jioni nilikuwa najua jina la rais. Mkojo ulinikatalia mpaka usiku. Wazee wa kiume wajue kwamba hilo nalo hutokea, waseme mapema, wasione haya mbele ya wauguzi vijana.

Kesho yake binti alipita kuniona. Nilimwuliza alifanya nini muda wote ule. Akafikiri, akasema, "Nilikuwa nakusikiliza tu, Mwalimu." Presha yangu ilishuka mara moja, akaipandisha. Hakuonyesha kwamba ni jambo kubwa. Nilimsimulia habari za dada yangu na lile swali lake. Aliniuliza dada alikuwa na miaka mingapi alipofariki. Nikamwambia arobaini na tisa. Alikaa kimya kidogo, akaandika mapigo ya moyo wangu kwenye karatasi, akaenda kwa mzee wa kitanda cha pili, akavuta kiti.

Mzee alipasuliwa Alhamisi, bila chai. Alirudi akikoroma, na alipozinduka alidai hajafanyiwa kitu, mpaka alipopapasa bandeji.

Kulikuwa na agizo moja zaidi nililopewa kwa maandishi, nami nalitaja kwa sababu lilinifaa: baada ya dawa hii, kwa saa 24 kwa uchache, mtu asiendeshe gari, asinywe pombe, wala asitie sahihi karatasi yoyote ya maana, kwa kuwa akili yaweza kuonekana imerudi kumbe bado. Jioni ileile ya upasuaji alikuja mtoto wa ndugu yangu, na machungwa, na hati ya kiwanja chetu cha ukoo. Alisema ni sahihi moja tu, chini pale. Mke wangu alimwonyesha lile agizo la hospitali, akamwambia arudi keshokutwa. Alirudi. Nilivaa miwani, nikaisoma hati yake tangu mwanzo hadi mwisho, nikamrudishia kama ilivyokuwa.